Naombeni ushauri: Sholay ya asili au iliyotafsiriwa? Kundi letu limegawanyika

Mtoto wa Temeke: Wakuu, heshima kwenu. Sisi ni marafiki tuliokulia mtaa mmoja, sasa kila mtu ana familia yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana kwangu, tunaangalia picha za enzi zile, halafu tunazijadili. Enter the Dragon na Commando zilikwenda vizuri sana. Zamu ya Sholay (1975), ile ya Kihindi, ilipofika, ugomvi ukaanza. Nusu wanataka Kihindi chake na maandishi chini. Nusu wanasema bila sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, hiyo si picha tuliyoiangalia kwenye kibanda cha video. Maneno yakawa makali, mmoja akajitoa kwenye grupu la WhatsApp. Sitaki kumpoteza mtu, na nataka picha iangaliwe inavyostahili. Nifanyeje?

Mkanda Mweusi: Mkuu, weka ya asili, na nitakupa sababu. Kuna pale maiti ya kijana wa imamu inaporudishwa kijijini. Watu wote kimya, na imamu mwenyewe ni mzee asiyeona, anauliza mbona pamekuwa kimya namna hii. Mtafsiri yeyote akiongea hapo ameiua picha. Halafu zile jioni Jai, mmoja wa masteringi wawili, anapuliza kinanda cha mdomo huku Radha, yule mjane, akizima taa moja moja. Hawasemeshani hata neno, na mapenzi yote yamo humo. Sisi utotoni hatukuvipata vitu hivi kwa sababu sauti ya juu haikunyamaza.

Bibi Mkubwa wa Tanga: Mkanda Mweusi, kwa imamu umesema kweli. Ila usiwadharau wale watafsiri. Lufufu, yule mtafsiri wetu maarufu, alikuwa anakuingiza kijijini, anakutambulisha kwa steringi na adui, anatia na misemo ya kwetu, kibanda kizima kinaitikia. Ile nayo ni sanaa, tena ya Kitanzania. Mwenyeji, anza na nakala iliyotafsiriwa kwa lile pambano la treni tu, mwanzoni kabisa. Watu wacheke, wakumbushane. Kisha rudisha mwanzo, endelea na ya asili.

Fundi Redio: Mimi naona tatizo lingine: hiyo picha inapita saa tatu. Mkiiangalia kwa mkupuo, saa ya mjadala watu wanatafuta viatu. Picha za Kihindi zilitengenezwa zikiwa na mapumziko, yatumieni. Simamisheni pale inapojulikana Thakur, yule polisi wa zamani, alivyopoteza mikono. Kuleni hapo, na kila mtu aseme angemfanya nini Gabbar, yule jambazi aliyemkata. Mwishoni wekeni miisho yote miwili. Ule uliozoeleka, polisi wanafika na kumzuia Thakur. Ule aliokusudia mwongozaji Ramesh Sippy, Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi wa filamu iliukataa, India ikiwa kwenye hali ya hatari ya mwaka ule. Hapo mtabishana mpaka alfajiri, na hakuna atakayekumbuka habari ya mtafsiri.

Bibi Mkubwa wa Tanga: Na huyo aliyejitoa usimtumie ujumbe. Mpigie, au nenda kwake kabisa. Mwambie pambano la treni atalichagulia nakala yeye.

Mtoto wa Temeke: Asanteni sana wakuu. Nimetoka kwake sasa hivi, amekubali, na ile kanda iliyotafsiriwa anayo yeye. Tutakula kwenye mapumziko, mke wangu ameshasema atapika pilau. Mwezi unaofuata wanataka Rambo. Tuanze na ipi?

Mkanda Mweusi: First Blood ya 1982, ndiyo Rambo ya kwanza, msiruke kwenda ya pili. Watu wanakumbuka bunduki na kisu. Waambie wamwangalie yule askari aliyetoka Vietnam anavyofukuzwa kwenye mji mdogo kama mhalifu, na mwishoni anavyolia mbele ya Kanali Trautman, mkuu wake wa zamani jeshini. Kibandani tulikuwa tumeshaanza kutoka nje wakati huo.