Wareno na Wamarekani, nani kidogo anafanana na sisi wa Kigoma?

mgebuka_ujiji: Wakuu naomba msaada, mdogo wangu kapata nafasi mbili za chuo, Lisboa na Chicago. Mama hapa Ujiji anauliza wapi watu wanasalimiana vizuri, hicho tu ndo kinamnyima usingizi.

reli_ya_kati: Nimekaa Ureno mkuu. Wanawake wanasalimiwa kwa busu mbili za shavuni, wanaume wanapeana mkono, chakula cha usiku ni saa mbili kwenda mbele na hakuna anayekimbia mezani, stori zinaendelea hata sahani zikishatolewa, mimi hapo nilikumbuka nyumbani kabisa. Ila mgahawani wakileta mkate na zeituni usidhani ofa, ukila unalipia.

dada_mwanga: Marekani mtu anakuuliza hali huku anatembea, hasubiri jibu, sio dharau ndo salamu yao. Wanakula mapema, kama saa kumi na mbili jioni. Na bakshishi ya mhudumu asilimia 15 hadi 20 asisahau, wengi wao wanaitegemea.

mgebuka_ujiji: Dada je hodi bila taarifa?

dada_mwanga: Hapana, apige simu kwanza.