Mrejesho: ile lebo ya "haina gluteni"

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama niamini pakiti iliyoandikwa "haina gluteni" mbele, na nyuma "kiwanda hiki husindika pia ngano". Binti yangu ana ugonjwa wa siliaki, yaani gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai) hudhuru utumbo wake. Mlinishauri niwaulize watengenezaji wenyewe, nikaziandikia kampuni mbili.

Kampuni ya biskuti imejibu vizuri sana. Wanapima kila toleo (biskuti zinazotengenezwa kwa mkupuo mmoja), na likizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), haliendi sokoni. Mashine za ngano ziko chumba kingine. Hao nimewaamini. (Onyo la nyuma katika nchi nyingi ni hiari, kwa hiyo pakiti isiyo nalo si lazima iwe salama zaidi.)

Wa pili, wenye nafaka za kifungua kinywa zilizoandikwa "haina ngano", walinishukuru tu na kuniambia nisome lebo. Nimesoma: mahindi, sukari, chumvi, kimea cha shayiri. Shayiri ina gluteni vilevile! Imeniuma, maana mzazi mwenye haraka ataona "haina ngano" na kuiweka kikapuni.

Asante sana aliyesema niulize kama wanapima malighafi au bidhaa iliyokamilika. Wa biskuti wanapima zote mbili. Hawa wengine swali hilo hawakuligusa kabisa.