Wakuu, nirudi kwenye Pokémon na gemu ipi baada ya miaka mingi?

Mgebuka Mkavu:
Habari za saa hizi wakuu. Naandika kutoka Kigoma mjini, Mwanga. Nina kazi na nina kwangu, kwa hiyo wale wa "jitu zima linacheza gemu" naomba wapite kimya kimya.

Utotoni nilikuwa nacheza Pokémon Red, ile gemu ya kukamata viumbe na kuwapiganisha, kwenye Game Boy, zile mashine za mkononi za kuweka betri ndogo za redio. Tulikuwa na majirani wageni waliokuwa wakifanya kazi za wakimbizi. Walipohama, mtoto wao akaniachia. Nilikuwa nashinda kibarazani, Pikachu, yule kiumbe wa umeme, ananifuata nyuma kila ninapokwenda, mpaka kioo kinafifia betri zikiisha. Baadaye kifaa kikafa na maisha yakaendelea.

Sasa nataka kurudi, ila nikiangalia mtandaoni nachanganyikiwa. Kuna X, Y, Sun, Moon, Sword, Shield, Arceus, Scarlet, Violet. Enzi zangu viumbe walikuwa 151, leo nasikia wamevuka 1000. Nianze na ipi nisijione mgeni? Naomba majibu mapema, kuna jambo linanibana wiki hii.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa pembeni na karanga zangu za Tabora.

Mzee wa Ujiji:
Nimepita, ila si kimya kimya. Vijana wenzako saa hizi wako Kibirizi wanapakia mzigo wa dagaa, wewe unatafuta Pikachu. Kisha uje hapa ulalamike maisha magumu.

Kadabra wa Gungu:
Mkuu, swali lako halijibiki lilivyo. Gemu hizi kila moja ina mashine yake. X, Y, Sun na Moon ni za 3DS. Kuanzia Let's Go ya 2018, halafu Sword, Arceus, mpaka Scarlet na Violet za 2022, hizo zote ni za Switch. Una mashine gani mkononi?

Mgebuka Mkavu:
Tuseme mashine haijaamuliwa. Nauliza gemu tu, mashine tutajua mbele ya safari.

Bando la Usiku:
Mashine ya nini? Weka kwenye simu programu ya kuigiza Game Boy, maisha yaendelee. Mimi nacheza kwenye daladala naenda kazini, sijamlipa mtu hata mia.

Kadabra wa Gungu:
Na hilo faili la gemu umelitoa wapi? Basi tuliache, tusije kufungiwa uzi. Ila kucheza Pokémon kwa kugusa vitufe vya kuchora kwenye kioo ni adhabu.

Mama Wanne:
Mmenikumbusha mbali. Kaka yangu alikuwa na Pokémon Gold pale nyumbani Tabora, wakati huo baba yuko reli. Baba akaificha ndani ya gunia la karanga, chini kabisa, akasema itatoka matokeo ya darasa la saba yakitoka. Matokeo yalipotoka kaka akaipata. Kuiwasha, kila alichosevu kimefutika! Alilia kuliko siku aliyochapwa. Mpaka leo anaamini baba alikifuta kwa makusudi.

Kadabra wa Gungu:
Mwambie kaka amsamehe mzee. Kaseti zile zina betri ya kidonge ndani, na ndiyo inayoshika kumbukumbu. Gold na Silver zina saa pia, saa inainyonya hiyo betri mchana na usiku hata kama huchezi. Ikiisha, kila kitu kinaondoka. Ruby na Sapphire zilizofuata zina nafuu: betri ikifa saa ndiyo inasimama, lakini ulichosevu kinabaki.

Mleta mada, kwa mtu aliyeishia kwenye 151 nina majibu mawili. Ukitaka kurudi kulekule, chukua Let's Go, Pikachu!. Ni eneo lilelile la Kanto na viumbe walewale wa zamani, isipokuwa kukamata ni kurusha mpira tu, hupigani nao kwanza. Ukitaka jambo jipya, Legends: Arceus. Huko hakuna yale majumba ya mabingwa wa kila mji. Unanyata kwenye majani, na kiumbe akikuona anakuvamia wewe mwenyewe. Halafu kuna kitu wengi hawakijui: enzi zako kiumbe Kadabra, huyu niliyechukua jina lake, alikuwa habadiliki kuwa na umbo lenye nguvu zaidi bila kubadilishana na mtu mwenye Game Boy ya pili na waya. Arceus ina kifaa kinaitwa Linking Cord kinachofanya kazi hiyo, hata kama uko peke yako Kalya.

Sasa na wewe tuambie ukweli. Wiki hii kuna nini?

Mgebuka Mkavu:
Basi sawa. Kuna fundi simu hapa mjini ana 3DS iliyotumika, imetoka Japani, bado safi. Anataka laki mbili na nusu pamoja na kaseti ya X ya Kiingereza aliyoitoa kwingine. Nimeshampa nusu. Nusu iliyobaki anaitaka Ijumaa, la sivyo anamuuzia mwingine.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Kumbe mtu ameshaoa, anakuja kuuliza kama achumbie.

Kadabra wa Gungu:
Mkuu, SIMAMA HAPO. 3DS zimefungwa kwa eneo la dunia zilikouzwa. Ya Japani inasoma kaseti za Japani, hiyo ya kutoka kwingine haitafunguka. Ungepata X ya Japani ingewaka, na bahati nzuri mwanzoni inakuuliza lugha, Kiingereza kimo. Ila duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, na kucheza na watu wa mbali kulizimwa Aprili 2024. Kwa hiyo utabadilishana viumbe na mtu aliyekaa pembeni yako tu, naye awe na 3DS. Unamjua nani Kigoma mwenye 3DS?

Na adapta ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu.

Mgebuka Mkavu:
Adapta nitatafuta nyingine. Fundi amenihakikishia kaseti inafunguka. X nimeifuatilia kwenye video, mapema tu profesa anakupa Charmander au mmoja wa wale wenzake wa zamani, kwa hiyo si kwamba nakwenda ugenini. Na bei nimepunguziwa. Sioni sababu ya kurudi nyuma.

Mama Wanne:
Mdogo wangu, mtu mzima hatoi kianzio halafu ndiyo anaomba ushauri. Kuna kitu hujasema. Unataka kucheza na nani?

Mgebuka Mkavu:
Dada, hilo halihusiani na gemu.

Mama Wanne:
Linahusiana. Jibu.

Mgebuka Mkavu:
Nina binti wa miaka tisa. Anaishi Dar na mzazi mwenzangu. Likizo anakuja huku kwa treni na shangazi yake, ni mara ya kwanza atakaa kwangu tangu tuachane na mama yake. Kwenye simu siku hizi habari zake zote ni Pokémon. Ana Switch na gemu ya Violet. Aliyemnunulia simtaji.

Nikasema nami niwe na yangu, tuwe na la kuongea. Ndiyo hivyo.

Mzee wa Ujiji:
Hapo sawa. Ungeanza na hilo nisingekusema.

Bando la Usiku:
Mwambie mama yake arudi, gemu litajipa.

Kadabra wa Gungu:
Mkuu, kumbe ndiyo swali lenyewe hilo! 3DS na Switch haziongei. Mtakaa kochi moja, yeye na yake wewe na yako, kama abiria wasiofahamiana. Tafuta Switch Lite iliyotumika, uweke Scarlet. Yeye ana Violet, kwa hiyo kuna viumbe wanaopatikana kwake tu na wengine kwako tu, mtahitajiana. Yeye anapanda Miraidon, wewe Koraidon. Mashine zikikaribiana zinaunganika zenyewe bila bando, mnaingia ulimwengu mmoja, hata watu wanne wanatosha.

Mgebuka Mkavu:
Nimeelewa, ila nikinunua kitu kilekile mama yake atasema nashindana na yule bwana. Na ukweli mimi nataka nimuonyeshe binti ya kwetu ya zamani. Kwenye hiyo ya Violet yeye ndiye atanifundisha mimi. Baba gani huyo?

Mama Wanne:
Baba anayefundishika. Wanangu wanne wamenifundisha mpaka kutuma hela kwa simu, sijapungua kilo.

Mchunguzi Huru:
Samahani kwa kuharibu msiba. HII NI CHAI. Mleta mada anasema alicheza Red na Pikachu anamfuata nyuma. Kwenye Red Pikachu hamfuati mtu, anakaa ndani ya mpira kama wenzake. Pili, angalia alivyotaja kifaa, hali yake, bei, mji, na "Ijumaa anamuuzia mwingine". Huyu ndiye fundi mwenyewe. Anatafuta mteja, mtoto kamuweka kwenye hadithi ili mlainike.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Karanga zimenikwama kooni.

Bando la Usiku:
Aisee. Na akaunti yake niliona ni mpya.

Mzee wa Ujiji:
Nilijua toka mwanzo.

Mgebuka Mkavu:
Mzee wangu, dakika chache zilizopita ulisema "hapo sawa".

Mchunguzi, kaseti ilikuwa ya njano, Yellow. Nimeandika Red kwa kuwa ndiyo kila mtu anaijua. Kama unataka kunipima, nipime. Pikachu wa ile gemu ukimpa jiwe la radi abadilike, anakataa. Bingwa wa kwanza, Brock, ana viumbe wa mawe, umeme wa Pikachu haumgusi hata kidogo. Nilikwama pale likizo nzima, naingia natoka. Mpaka siku moja nikapita njia ya magharibi ya mji wa pili nikamkamata Mankey, yule nyani mwenye hasira, ndiye aliyenivusha. Na kifuniko cha betri kilikuwa kimepotea. Nilikuwa nafunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikikaza sana kioo kinazima, nikilegeza betri zinadondoka.

Mchunguzi Huru:
Ya Mankey yapo mtandaoni.

Kadabra wa Gungu:
Ya mpira wa baiskeli hayapo. Na kuhusu Mankey, kwenye Yellow walimweka njia ile kwa ajili hiyohiyo, watoto wasikwame kwa Brock. Huyu amecheza. Tena muuzaji gani angeacha tuseme mzigo wake haufunguki na adapta inaungua?

Mchunguzi Huru:
Muuzaji asiyejua kuuza. Kigoma wapo.

Mzee wa Ujiji:
Wewe wa wapi? Usituletee.

Mama Wanne:
Acheni hayo. Nimemuuliza mwanangu wa tatu, yeye ndiye mtaalamu wa nyumba hii. Anasema baba usinunue mashine yoyote sasa. Nunua kaseti moja tu, hiyo Let's Go, Pikachu! aliyoitaja Kadabra. Ni ileile Yellow yako imetengenezwa upya, Pikachu amekaa begani. Utaweka kwenye Switch ya binti. Anasema Switch ya kawaida vishikio vyake vya pembeni vinachomoka, mtoto anashika kimoja na wewe kimoja, unatikisa cha pili mchezaji wa pili anaingia hapohapo, mnatembea wote wawili. Hakuna mashine ya kushindana na mtu. Na gemu ni ya kwenu, utamfundisha.

Kadabra wa Gungu:
Mpe huyo mtoto soda. Mimi nimewaza mashine mbili tu muda wote. Ila hakikisha ya binti si Lite, maana Lite vishikio havichomoki.

Mgebuka Mkavu:
Sasa akirudi Dar si nabaki na kaseti bila mashine?

Mama Wanne:
Utampa aende nayo. Au utabaki nayo, likizo ijayo airudie. Hilo utaamua wewe, sisi si mama yake.

Mgebuka Mkavu:
Nimempigia. Anasema vinachomoka, kimoja cha bluu kimoja chekundu, na chekundu ni chake. Halafu akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamwambia kuna rafiki yangu anataka kujua.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Hata mtoto unamficha! Wewe ni kabila gani?

Mgebuka Mkavu:
Muha, na nitabaki Muha. Shida ni fundi. Nimepita dukani kwake mchana, anasema kianzio hakirudi, labda nilete mtu mwingine achukue kifaa. Na hiyo Let's Go sijui nitaipata wapi kabla treni haijafika.

Kadabra wa Gungu:
Mtafute shangazi leo, hajaondoka Dar. Aende Kariakoo, achukue kaseti, si karatasi yenye namba ya kupakua. Aangalie jalada limeandikwa Pikachu, maana kuna pacha wake wa Eevee. Kwa fundi, mwombe aweke ile kaseti ya X ndani ya hiyo 3DS mbele yako. Isipofunguka, alikuuzia maneno, na hapo una haki ya kudai hela yako mbele ya majirani zake.

Mchunguzi Huru:
Hiyo 3DS ni rangi gani?

Mgebuka Mkavu:
Si ulisema mimi ndiye fundi?

Mchunguzi Huru:
Bado nasema. Rangi gani, na bei ya mwisho?