Kunguni wa Shangazi Zuhura

*Shangazi Zuhura:* Jamani, kopo la tatu hili. Chumba cha wageni nimepulizia tangu Jumapili, kunguni wanapanda ukutani kama wamealikwa

*Sele:* Shikamoo Shangazi 😂 Umeuziwa feki

*Shangazi Zuhura:* Marahaba. Feki yote matatu? La kijani, jekundu, na hili jeusi la bei mbaya!

*Mwanaidi:* Shikamoo Shangazi. Hebu yageuze nyuma, usome yale maandishi madogo

*Shangazi Zuhura:* Ngoja miwani

*Shangazi Zuhura:* Kijani saipamethrini. Jekundu deltamethrini. Jeusi lambda sai… sijui nini thrini

*Mwanaidi:* Thrini, thrini, thrini. Ukoo mmoja huo. Umebadili kopo, dawa ni zilezile, zote zinashambulia mishipa ya fahamu mahali pamoja

*Sele:* Kwa hiyo wameizoea, kama mlevi na gongo

*Mwanaidi:* Hapana. Kunguni mmoja mmoja hazoei. Wamo wachache wamezaliwa hivyo: sumu haiwashiki kwenye mishipa, au wanaivunja mwilini upesi, au gamba lao nene haipenyi vizuri. Ukipuliza, wenzao wanakufa, wao wanaachiwa godoro zima wazaliane. Shangazi amekuwa akichagua mbegu bila kujua

*Shangazi Zuhura:* Mfugaji mimi!! 🙆🏾‍♀️

*Mjomba Hamisi:* Enzi zetu DDT ilikuwa kiboko yao

*Mwanaidi:* Shikamoo Mjomba. Mwaka 1947 huko Pearl Harbor, kunguni wa kambi ya wanamaji walikuwa hawafi tena kwa DDT. Na hizi thrini zinapiga palepale inapopiga DDT

*Mjomba Hamisi:* Marahaba. Kumbe wana urithi

*Shangazi Zuhura:* Mnanipeleka Marekani, nami leo nalala wapi? Nipake mafuta ya taa?

*Mwanaidi:* Usithubutu, utaunguza nyumba! Shuka na mito, maji ya moto sana, kisha juani. Chandarua cha dawa usikichemshe. Kitanda kifunguliwe chote, kila ufa umwagiwe maji yanayochemka. Rudia baada ya wiki, na wiki nyingine tena. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na dawa nyingi haziyaui

*Shangazi Zuhura:* Kitanda cha mninga kile, mwenyewe sikiwezi. Sele, njoo na bisibisi

*Sele:* Shangazi niko mbali kidogo, nipo mjini

*Mjomba Hamisi:* Yuko barazani kwangu anakula mihogo