Podi ya geji kwenye nguzo ya Forester SG5: presha ya oili na umeme nichukulie wapi?

Mpanda_Kitonga:
Wakuu, habari za jioni. Nina Forester SG5 ya turbo, injini EJ20. Naishi Iringa na shughuli zangu zinanipandisha mlima Kitonga kila mara, mara nyingi gari likiwa na mzigo. Kwenye dashibodi kuna geji ya joto la maji na taa ya oili, basi. Kwa injini hii naona havitoshi. Nimeagiza geji mbili za milimita 52, moja ya presha ya oili na moja ya boost (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini), zote za umeme na sensa zake, pamoja na podi ya vikombe viwili ya kukaa kwenye nguzo ya kioo cha mbele.

Podi imefika lakini upande wa dereva haikai. Mkunjo unakwenda kinyume, na vikombe vinatazama mlangoni badala ya kunitazama mimi. Muuzaji anasema niipashe moto itanyooka. Halafu fundi wa mtaani kwetu anataka kutoa swichi ya taa ya oili, afunge sensa mpya palepale, na umeme wa geji zote auvute kwenye waya wa redio. Kabla sijamruhusu aguse kitu, naomba ushauri wa waliokwisha kufanya kazi hii.

NyayaTanga:
Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla. Kazi yangu ni umeme wa magari hapa Tanga, na geji nimefunga nyingi kwenye Subaru na kwenye Altezza. Nianze na podi, maana hiyo ni fupi.

Hiyo uliyotumiwa ni ya gari la usukani wa kushoto. Podi nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa soko la Marekani, na sisi usukani wetu uko kulia. Usiipashe moto. Plastiki itajikunja ovyo, vikombe vitapoteza uduara na geji hazitashika. Irudishe, uagize ya kulia iliyoandikwa SG. Ya Impreza usiichukue hata ukiambiwa zinaingiliana, kwa sababu nguzo zake zimelala kwa pembe nyingine.

Sasa tuje kwenye injini, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Watu wanahangaika na podi wiki nzima, sensa wanaifunga kwa dakika kumi. Mimi nasema anza na sensa, nguzo iwe ya mwisho. Geji inayokudanganya ni hatari kuliko kutokuwa na geji kabisa, kwa sababu utaiamini ukiwa katikati ya mlima.

Swichi ya taa ya oili kwenye EJ20 iko juu ya bloku kwa mbele, chini ya alternata. Usikubali itolewe. Taa ile huwaka presha ikiwa imekaribia kuisha, kwa hiyo peke yake haikulindi, lakini siku geji ikifa njiani ndiyo itakayobaki. Tumia T (kiungio cha njia tatu), upande mmoja swichi ya zamani, upande mwingine sensa mpya. Ila T hiyo isikae pale pale kwenye bloku. Sensa za geji ni nzito, injini inatetemeka, na vipande vya shaba nyeupe nimeviona vimekatika shingoni, oili yote ikamwagika juu ya egzosi. Funga hosi fupi ya oili yenye wavu wa chuma kutoka kwenye bloku hadi kwenye bodi ya gari, T uifunge huko kwa bracketi.

Thredi nazo ziangalie. Bloku ya Kijapani ina thredi ya 1/8 yenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Kimarekani ni 1/8 yenye meno 27. Kwa macho zinafanana, na kwa mkono itaingia mizunguko miwili mitatu ikikudanganya kwamba ndiyo yenyewe. Ukilazimisha kwa spana umeharibu bloku ya alumini. Nunua adapta sahihi, au umpelekee mkereza vyuma sensa na swichi ya zamani akutengenezee.

Boost ni rahisi zaidi. Chukua kwenye hosi ndogo inayotoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, yaani baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Ukichukua kabla ya throto hutaona vakyumu (mvuto wa hewa). Hosi ya regyuleta ya petroli usiiguse, maana ikivuja pale presha ya petroli nayo inavurugika. Sensa ikae juu kuliko pale ulipotoboa ili mvuke wa oili usijikusanye ndani yake. Na kwa sababu uko Iringa, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, vakyumu yako injini ikiwa silensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta) itasoma pungufu kuliko ya mtu wa huku pwani. Ukiona bar 0.5 wakati mwenzako wa Tanga anaona 0.65, usianze kutafuta hosi iliyopasuka. Hewa yako ni nyepesi tu.

Umeme: waya wa redio hapana. Boksi la fyuzi la ndani liko upande wa kulia wa goti la dereva, nyuma ya kifuniko kidogo. Tafuta fyuzi inayopata umeme swichi ikiwa ON na kukatika ukizima, chomeka tawi la fyuzi lenye fyuzi yake ndogo ya ampia zinazotajwa kwenye karatasi ya geji. Rangi za nyaya usizikariri kwa kumwangalia mwenzako, kila kampuni ina zake. Waya wa mwanga wa usiku uutafute kwa mita: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye bodi, washa taa ndogo uone volti zinapanda. Usipime kati ya waya mbili za swichi ya mwanga, utachanganyikiwa.

Boxer254:
Salamu kutoka Nairobi. NyayaTanga ameeleza vizuri sana, naongeza mawili tu. La kwanza, angalia kava ya nguzo kama imeandikwa SRS AIRBAG, yaani kuna mfuko wa hewa wa usalama ndani. Ikiwa imeandikwa, podi usiweke hapo hata kidogo. Mfuko ule hufunguka kwa nguvu ukipitia ukingo wa juu, na geji mbili zilizo mbele yake zitarushwa usoni mwako. SG nyingi hazina, lakini gari lako ndilo la kuangaliwa.

La pili ni macho. Kaa kwenye kiti vile unavyoendesha siku zote, mwenzako aishike podi mahali pake, kisha uangalie kona ya kulia. Boda boda na mtu anayevuka hupotelea nyuma ya nguzo hata bila podi. Ikikuziba zaidi, weka kikombe kimoja tu kwenye nguzo na cha pili ukipeleke juu ya dashibodi. Cha nguzoni kiwe cha oili.

Mpanda_Kitonga:
Asanteni sana wakuu. Nguzo yangu haina maandishi ya airbag, nimehakikisha. Podi ya kulia nimeagiza. Wakati naisubiri nimefunga hosi, T na sensa kama NyayaTanga alivyoelekeza, geji nimeziweka kwa muda juu ya dashibodi. Boost inasoma sawa. Ya oili inasoma, lakini nikiwasha taa kubwa mshale unaruka, na feni ya rejeta ikianza unaruka tena. Presha yenyewe inaweza kuruka hivyo? Na asubuhi nasoma karibu 5, injini ikipata moto silensi inashuka hadi 1.2. Geji imeandikwa x100 kPa.

NyayaTanga:
Presha haijui kama umewasha taa, mkuu. Hiyo ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari). Sensa yako ni ya waya mmoja? Kama ndiyo, ethi yake inapitia kwenye chuma chake. Umeitoa kwenye bloku ukaipeleka kwenye bodi, na bracketi imefungwa juu ya rangi. Pengine pia umezungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye thredi. Kwangua rangi chini ya bracketi mpaka chuma king'ae, kisha vuta waya wa ethi kutoka kwenye mwili wa sensa hadi kwenye bloku yenyewe. Ethi ya geji nayo usiiweke pamoja na ya kitu kinachokula umeme mwingi.

Namba zako ni nzuri. x100 kPa maana yake 1 ni bar 1. Kipimo cha Subaru kwa EJ, oili ikiwa nyuzi 80, ni kama bar 1 kwa mizunguko 600 ya injini kwa dakika na bar 3 kwa mizunguko 5,000, hizo zikiwa za chini kabisa. Asubuhi oili ni nzito, ndiyo maana unaona 5. Ukiwa unapanda Kitonga, angalia presha ukiwa mizunguko 3,000 au 4,000, siyo silensi. Ikianza kushuka kwa mizunguko ileile na mwendo uleule, egesha, zima, pima oili kwa kijiti. Injini hizi zikitembea na oili pungufu hazikupi nafasi ya pili, beringi zinaondoka.

Podi ikifika, kava ya nguzo ivute kuanzia juu, klipu zake hukatika ukiivuta kutoka chini. Safisha kava kwa spiriti kabla ya kubandika, na usitegemee gundi peke yake kwa jua letu. Weka skrubu fupi mbili, uzipime urefu kwanza zisifike kwenye nyaya zinazopita nyuma. Nyaya za geji zizungushie mkanda wa kitambaa, la sivyo zitapiga kelele ndani ya nguzo kila ukikanyaga tuta.

Mpanda_Kitonga:
Nimekwangua rangi na kuvuta ethi hadi kwenye bloku. Nimewasha taa kubwa, feni na AC kwa pamoja, mshale umetulia kwenye 1.2. Waya mmoja, ulikisia sawa. Mtu mwenye SG5 aniambie hosi ya hiyo T ameipitisha upande gani wa alternata, yangu iko karibu sana na mkanda.

NyayaTanga:
Ipitishe nyuma ya alternata, upande wa kioo, uifunge na bracketi ya hosi za AC. Kati yake na mkanda acha upana wa vidole vitatu, kisha washa injini, mwenzako akanyage mafuta ghafla huku wewe ukitazama jinsi inavyocheza.