Mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Nikishusha bafa, sauti inapasuka

Chumba_Ngamiani

Wadau, habari za kazi. Tunarekodi kasida na taarabu ya asili kwenye chumba kidogo hapa Ngamiani, Tanga. Mashine ni laptopu ya Core i5 kizazi cha 8, RAM 8 GB, Ubuntu 24.04, kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu 2 ya maiki, na Ardour (programu ya kurekodia).

Mwimbaji akivaa hedifoni anajisikia nyuma ya mdomo wake, kama mtu anayemwigiza. Nikishusha bafa (fungu la sampuli za sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo) hadi 64, sauti inapasukapasuka na xrun, yaani mikatiko ya sauti, zinaruka kwa makumi. Halafu udi tukiurekodi juu ya dumbaki iliyotangulia, unaangukia nyuma kidogo kila mara, na kwa kiasi kilekile. Je, ni lazima niweke kerneli (kiini cha Linux) ya realtime, ile isiyochelewesha kazi za haraka? Au nirudi kwenye JACK, mfumo wa zamani wa kuunganisha sauti?

FundiMawimbi

Mkuu, hayo ni matatizo matatu tofauti, na kerneli haitayatibu yote. Anza na hesabu: gawanya bafa kwa kasi ya sampuli, yaani idadi ya sampuli kwa sekunde. 1024 kwa 48000 ni milisekunde 21.3. Na hiyo ni bafa moja tu. Sauti husubiri ikiingia, husubiri tena ikitoka, na kadi nayo huongeza zake. PipeWire, ambayo ndiyo inayoendesha sauti kwenye 24.04, huanza na 1024. Ukiweka 256 ni 5.3, 128 ni 2.7, 64 ni 1.3. Kwa USB lenga 128. Kung'ang'ania 64 kwenye laptopu ya kawaida ni kujitafutia maradhi.

Kwanza mpe mtumiaji wako ruhusa ya kipaumbele:

`sudo usermod -aG audio $USER`

Kisha tengeneza faili `/etc/security/limits.d/95-sauti.conf` lenye mistari miwili:

`@audio - rtprio 95`
`@audio - memlock unlimited`

Washa mashine upya, halafu andika `ulimit -r`. Ikitoa 95, umepita.

Sasa bafa. Sakinisha `pipewire-jack`, inayoifanya PipeWire ifanye kazi ya JACK, iwashe Ardour kwa kutanguliza `pw-jack` mbele ya jina lake, na ndani yake chagua JACK. Kisha:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-rate 48000`
`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Ukiweka 0 mahali pa 128, inarudi kujiamulia yenyewe. Fungua `pw-top` kwenye dirisha la pembeni na uiache hapo. QUANT, yaani bafa, iseme 128; RATE iseme 48000. Safu mbili ndizo zenye habari: ERR, ambayo huhesabu kila mkatiko, na B/Q, yaani sehemu ya muda wa bafa ambayo programu imeutumia kufanya kazi. B/Q ya Ardour ikikaribia 1, prosesa imeelemewa, punguza madoido. Lakini ikiwa 0.1 huku ERR inapanda, prosesa haina kosa. Kuna kitu kinaichelewesha kuamka.

Kuhusu kerneli: PREEMPT_RT, yaani hiyo realtime, imeingia kwenye Linux yenyewe tangu toleo la 6.12, Novemba 2024, kwa hiyo habari ya kubandika viraka imepitwa na wakati. Kwa 128 huihitaji. Kwenye `/etc/default/grub`, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza `preempt=full threadirqs`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. Hilo la pili huzifanya kazi za kuitikia vifaa ziingie kwenye foleni yenye vipaumbele, badala ya kila moja kuvamia prosesa inapotaka.

raskazone_sauti

Naongezea hapo kwenye "kitu kinaichelewesha", maana ndipo wengi wanapopotelea.

Andika `lsusb -t`. Tafuta mstari wenye snd-usb-audio, kisha angalia nani yuko naye kwenye tawi hilohilo. Ukikuta uvcvideo, hiyo ni kamera; btusb ni Bluetooth. Hamisha kadi kwenye tundu la upande wa pili wa laptopu, uangalie tena. Usipitishe kadi kwenye kigawanyaji cha USB cha bei poa, hasa kama diski ya nje unayorekodia imechomekwa humohumo.

Waifai: sauti ikipasuka kwa vipindi vinavyolingana, mtuhumiwa wa kwanza ni yeye, kwa sababu kila baada ya muda huamka kutafuta mitandao. Jaribu `nmcli radio wifi off`. ERR ikisimama, umempata.

Umeme: `powerprofilesctl set performance`. Laptopu ikiachwa kwenye hali ya kubana matumizi, prosesa husinzia katikati ya bafa na kuamka ikiwa imechelewa.

Na joto, jamani. Kwa chumba cha Tanga msimu wa kaskazi hili si dogo. Milango imefungwa, mazulia ukutani, feni ya dari imezimwa ili maiki isiisikie. Dakika 20 za kwanza mambo safi, baadaye inaanza kupasuka na hakuna aliyegusa kitu. Sakinisha `lm-sensors`, endesha `watch sensors` na ufuatilie nyuzi zinavyopanda. Prosesa ikifika kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe. Inua laptopu kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na upulize vumbi kwenye feni yake. Bora zaidi, itoe nje ya chumba pamoja na kadi. Refusha nyaya za XLR za maiki, siyo waya wa USB: USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, ilhali XLR ya mita 15 haina neno.

binti_pangani

Kaka zangu mmemaliza mashine lakini mwimbaji mmemsahau. Sauti kwa milisekunde moja husafiri kama sentimita 34. Mpiga udi akisikia kwa kuchelewa milisekunde 10, ni sawa na kukaa mita 3.4 kutoka kwenye spika, atazoea. Mwimbaji sivyo. Yeye sauti yake anaipata papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, na ile ya hedifoni ikija nyuma hata kwa milisekunde 5, zinagongana na sauti inakuwa kama imetiwa ndani ya bomba. Atalalamika na hatajua alalamikie nini.

Kwa hiyo mpitishie njia ya moja kwa moja. Kadi nyingi za aina hiyo zina kitufe au kirungu cha kumsikilizisha mtu maiki yake kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kiwashe, halafu kwenye Ardour zima usikilizaji wa laini inayorekodiwa. Usipozima atajisikia mara mbili. Ukishafanya hivyo hata bafa ya 512 haimgusi. Bafa ndogo iachie kinanda cha MIDI, ambacho sauti yake hutengenezwa na kompyuta, na gitaa linalopita kwenye madoido ya kompyuta.

Na udi kuangukia nyuma "kwa kiasi kilekile" ni dalili kwamba Ardour haijui kadi inachelewesha kiasi gani. Hapo natofautiana na FundiMawimbi: kama ni Ardour peke yake inayorekodi, ipe kadi moja kwa moja. Kwenye pavucontrol, weka wasifu wa kadi kuwa Off ili PipeWire iiachie. Kwenye dirisha la sauti la Ardour chagua ALSA (njia ya Linux ya kuifikia kadi moja kwa moja), 48000, bafa 128, na vipindi (Periods, idadi ya bafa zinazopokezana) 3 badala ya 2, maana USB hupenda hivyo. Kisha chomeka waya kutoka tundu la kutolea 1 kwenda la kuingizia 1, tundu likiwa kwenye hali ya line na 48V (umeme wa kulisha maiki) imezimwa. Shusha spika kabisa kwanza. Mlio wa kupimia unakera. Bonyeza Calibrate, pima, ukubali matokeo. Ukibadilisha bafa, pima upya.

Chumba_Ngamiani

Shukrani sana. Kitufe kipo, mwimbaji ametulia. Nimepima kwa ALSA: fremu (sampuli) 622 kwenda na kurudi, na udi sasa unakaa juu ya dumbaki. Waifai nimezima. Bado xrun moja moja, na `ulimit -r` inatoa 0 ingawa faili nimeliandika.

FundiMawimbi

622 kwa 48000 ni kama milisekunde 13, kwa USB ni kawaida. Hiyo 0: angalia jina la faili. Folda ya limits.d husoma yanayoishia na `.conf` tu, ukiliita `95-sauti` au `95-sauti.conf.txt` linarukwa kimyakimya. Pia kufunga terminali na kuifungua hakutoshi, zima mashine uiwashe. Kisha andika `groups`, uone kama audio imo.

Chumba_Ngamiani

Lilikuwa `.txt`. Sasa 95, na wimbo wa dakika 9 umepita bila xrun hata moja.

binti_pangani

Ukianza kuchanganya sauti ulizorekodi, panda hadi 1024. Hapo hakuna anayeimba, na madoido yatapata nafasi ya kupumua.