Naomba ushauri: nimeipiga marufuku siriali ya sukari nyumbani, halafu naila mwenyewe usiku

Bakuli_Tupu:
Wakuu habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kula wanga kidogo. Nilianza kwa ukali: mkate nje, juisi nje, na siriali za sukari, zile nafaka za boksi za kifungua kinywa, ndizo zilizotangulia jalalani. Niliwahi kumhubiria dada yangu mezani kwake, mbele ya wanawe, kwamba anawalisha peremende kwa maziwa. Hajanialika asubuhi tena.

Sasa aibu yangu. Mwanangu wa miaka tisa alirudi kutoka sherehe ya rafiki yake na boksi la siriali, zile za pete za rangi rangi. Nikaliweka juu ya kabati, nikisema nitaligawa. Usiku wa tatu nikajikuta nimesimama jikoni, taa imezimwa, nachota kwa kiganja. Nimeshajua hata namna ya kukunja ule mfuko wa ndani usipige kelele. Juzi mtoto akauliza, "Mama, mbona boksi limekuwa jepesi?" Nikajibu, panya. Akaligeuza geuza, hakuona tundu hata moja. Akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kuliniumiza.

Kinachonivuruga zaidi ni wenzangu. Kwenye kundi letu, zamani ukitaja siriali unashambuliwa. Siku hizi mmoja anakula bakuli kila baada ya mazoezi, mwingine anaagiza zile zinazoitwa za wanga kidogo, wa tatu anatuambia kuogopa chakula nako ni ugonjwa. Tumekomaa au tumelegea? Na hili boksi nilifanyeje?

Msumari:
Tupa. Leo, kabla jua halijazama. Mlevi hawekewi chupa juu ya kabati.

MsomaLebo:
Kabla hujatupa, toa mzani wa jikoni. Mimina kama unavyomimina siku zote, halafu pima. Mimi nilipata gramu 80. Lebo ya boksi langu ilisema mlo mmoja ni gramu 39, zenye wanga gramu 34, na ndani yake sukari 12. Kwa hiyo nilichokiita bakuli moja kilikuwa milo miwili: wanga karibu gramu 70, sukari karibu 25, yaani vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Hapo bado ni asubuhi. Na kwa anayefuata keto, yaani ulaji wa wanga kidogo sana, gramu 20 hadi 50 kwa siku, hata zile gramu 39 za lebo zinakula sehemu kubwa ya bajeti au zinaivuka.

Ila kuna jambo wengi wetu tulilikosea miaka yote: tuliikamia sukari, tukaisahau nafaka yenyewe. Ukiipa glukosi alama 100 kwa kasi ya kupandisha sukari mwilini, sukari ya mezani inapata kama 65. Konfleksi za kawaida, yaani vipande vikavu vya mahindi, zisizo na rangi wala katuni kwenye boksi, ni kama 80. Nafaka ikishapikwa na kubanwa au kupuliziwa, mwili hauna kazi kubwa ya kuivunja. Usije ukalitupa boksi la rangi ukanunua la "kiafya" ukadhani umepona.

Nesi_wa_Zamu:
Mleta uzi hajasema kama ana kisukari. Kama yupo anayesoma hapa akiwa kwenye insulini au vidonge vya kushusha sukari, asikate wala kurudisha wanga kwa ushauri wa uzi. Dozi iliwekwa kwa chakula unachokula sasa. Ongea na daktari wako kwanza.

Kobe_Mstaafu:
Dada, mimi nilikuwa Msumari kuliko Msumari. Kilichonilainisha ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotoka 2018. Watu 609, mwaka mzima, nusu walipunguza mafuta, nusu wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikausoma vizuri: pande zote mbili ziliambiwa zipunguze sukari ya kuongezwa na nafaka zilizokobolewa. Kwa hiyo siriali yako haikusafishwa jina. Kilichokufa ni kiburi changu tu.

Na kuhusu dada yako, hamjavunja rekodi. Ndugu wawili wa mji wa Battle Creek, Marekani, daktari John Harvey Kellogg na mdogo wake Will, waligombana kuhusu sukari kwenye konfleksi. Mkubwa hakuitaka, mdogo aliitia, akafungua kampuni yake 1906, na baadaye wakaburutana mahakamani kugombea jina. Ninyi bado mnasalimiana.

Tumbo_Joto:
Kuhusu zile za wanga kidogo, someni viungo. Nyingi ni protini ya maziwa, utamu wa alulosi au eritritoli, na nyuzinyuzi za inulini. Mimi wanga haukunisumbua, ilinisumbua inulini. Nilikula mabakuli mawili, nikaingia kikaoni. Sitasema zaidi, ila kikao kilikuwa kirefu na viti vilikuwa vya mbao.

Msumari:
Mnamzungusha dada wa watu na mizani na historia. Mtu anakula gizani, hilo ni tatizo la gizani.

Kobe_Mstaafu:
@Msumari hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza tangu nijiunge.

Bakuli_Tupu:
Narudisha mrejesho. Nililishusha boksi, nikaliweka mezani, nikamwambia mwanangu panya ni mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Tukapima gramu 39 kila mmoja. Akaangalia bakuli lake, akauliza nyingine iko wapi. Nikamwongezea mayai, nami nikala yangu nimeketi, taa imewashwa. Nilitegemea mchana nitaiona mbaya. Wapi! Tamu vilevile, na yale maziwa ya mwisho yaliyogeuka zambarau niliyanywa kwa kuinamisha bakuli. Lakini usiku sikwenda jikoni. Nimemtumia dada ujumbe wa kuomba radhi, ameusoma, hajajibu.

Leo asubuhi nimekuta mtoto amebandika karatasi kwenye boksi: "Panya atumie kijiko."